Hakuna Kukata Mpaka Mwenyewe Aje

Nyie mnaopita mbele ya kibanda cha mdogo wangu mkigusana viwiko, "Ndiye yule, ndiye yule," hebu simameni kidogo. Dada yake nipo, mdomo ninao, na leo sina mteja wa kunikimbiza. Mnasema ana roho ngumu. Mnasema alisimama na msumeno mkononi akimtazama mtoto wa watu anakata roho. Kusimama alisimama, sikatai. Ila mbona hamsemi ni nani waliomfundisha kusimama? Mtu aliyekuwa anakimbia kabla hajaitwa, leo anachomelea nondo za madirisha, na akisikia breki zinalia barabarani anaingia ndani na kujifungia. Mkono wake ule ulikuwa unatoa watu kwenye vyuma. Waliufunga, na mimi nilikuwepo wanaufunga. Nitasema walivyoufunga, na atakayekerwa akerwe.

Jina lake la nyumbani hata mimi nimeliacha. Anaitwa Bawaba. Alipoingia gereji kwa mjomba wetu, kaka yake mama, kazi yake ya kwanza ilikuwa kufungua milango ya magari mabovu, na kila bawaba aliyoifungua aliitia mfukoni. Anarudi nyumbani suruali imemshuka, mifuko imetoboka, mama anafoka: "Wewe umeoa vyuma?" Yeye anacheka tu, anakwenda kuzipanga chini ya kitanda. Ukichukua moja ukamuuliza, anakuambia imetoka gari gani, mlango gani, ya juu au ya chini. Tulimcheka mpaka mbavu zikatuuma, na jina likamganda.

Gereji yenyewe iko pale barabara kuu inapoteremka na kupinda. Ua wake umezungushiwa maboneti ya zamani na mapipa yaliyopigwa yakawa mabati. Udongo ni mweusi kwa oili, ukivaa kandambili zinanata. Kule nyuma kuna turubai la kupigia rangi, katikati mitungi ya gesi na mashine ya kuchomelea, na pembeni mashine ya upepo inayokohoa kutwa nzima. Mimi nilikuwa langoni, chini ya bati, na cherehani yangu, marobota ya vitambaa na sponji. Nashona viti, navalisha paa, navalisha milango kwa ndani. Gari likishapigwa nyundo na kuchomelewa likawa halitazamiki, mimi ndiye ninayelivisha nguo.

Yeye alikuwa wa nguzo na milango. Gari lina nguzo kama nyumba, ila watu hawazioni kwa sababu zimefunikwa. Kuna nguzo ya mbele, ile iliyolala ubavuni mwa kioo kikubwa. Mlango wa dereva umening'inia hapo kwa bawaba mbili. Kuna nguzo ya kati, inayosimama begani mwa dereva. Hiyo ndiyo mtumwa wa gari: kwa mbele inapokea kitasa cha mlango wa dereva, kwa nyuma inabeba bawaba za mlango wa abiria, na mkanda nao umefungwa hapo hapo. Halafu kuna nguzo ya nyuma, inayopokea kitasa cha mlango wa abiria. Zote zimesimama juu ya kizingiti, zote zimebeba paa. Mteja akija kulalamika kwamba mlango haufungi, fundi mwingine anakimbilia nyundo, anautwanga mlango wa watu mpaka unajuta. Mdogo wangu haugusi. Anapima kwa kamba kutoka kona hii hadi kona ile, anakuna shingo, halafu anasema: "Mlango wako mzima, mzee. Nguzo imehama."

Sasa gari likigongwa mbele kwa pembeni, nguzo ya mbele inarudi nyuma na nguzo ya kati inabaki palepale. Mlango unabanwa katikati yao kama droo ya kabati lililolowa maji. Hapo vuta kitasa mpaka jioni, hakuna kitu. Na kona yetu ile, na mteremko wake, ilikuwa haipitishi muda mrefu bila kutuletea mtu. Gari la zimamoto liko mbali. Likifika linakuta watu wanafagia vioo. Kwa hiyo watu walizoea: kishindo kikisikika, kabla hata ya kupiga simu, wanakuja mbio langoni kwetu wakipiga kelele, "Bawaba! Bawaba yuko wapi?"

Na Bawaba keshatoka. Ameshika msumeno wa chuma, jeki na mtaimbo. Mimi nyuma yake na turubai na vipande vya sponji. Tulikuwa na utaratibu wetu. Wale wanaume wa barabarani utawakuta wanapiga kitasa kwa mawe, yeye anawafukuza: "Acheni kitasa, kitasa kimewakosea nini?" Anamwongelesha aliyebanwa, anamfunika turubai, anakata mkanda. Grinda hatumii, maana cheche na petroli vikikutana mnaungua wote. Anafungua mlango wa nyuma, kisha anaikata nguzo ya kati, juu karibu na paa, halafu chini karibu na kizingiti. Na hakati popote palipomjia. Ndani ya nguzo kuna chuma kingine kigumu, msumeno unateleza tu. Yeye alijua kinapoanzia na kinapoishia. Akimaliza, upande mzima wa gari unafunguka kwenda mbele, milango miwili na nguzo yake, na mimi naziba makali ya bati kwa sponji ili mtu asichanike anapotolewa. Tumewatoa wengi. Wengine walirudi na shukrani zao, wengine hatukuwaona tena, na yeye wala hakujali. Alikuwa anarudi gerejini anaosha mikono kwa petroli na sabuni, anaendelea na mlango aliouacha.

Halafu akaja Muuza Vitanda.

Muuza Vitanda alikuwa na duka la fanicha kule juu ya mteremko, mtu mnene, mcheshi, anayekuita "bosi wangu" hata kama mfukoni huna kitu. Mchana mmoja akashuka na gari lake, akaivaa tela ya lori lililoharibika pembeni ya barabara. Tulimkuta amezimia, usukani umemwingia tumboni, anakoroma ule mkoromo ambao si wa usingizi. Bawaba hakuuliza maswali. Alikata juu, akakata chini, akafungua ubavu wa gari kama anavyofungua kabati, akamtoa. Mguu ulivunjika, mbavu zilivunjika, lakini pumzi anayo. Mkewe alipofika alipiga magoti kwenye vioo mbele ya mdogo wangu, tukamnyanyua kwa nguvu.

Mimi nikadhani yameisha. Kumbe! Bwana mkubwa ametoka hospitali na gongo lake, akaenda kulitazama gari lake. Na mkaguzi wa bima yupo. Mkaguzi akalizunguka, akainama, akasema maneno yake ya kikaguzi: pua ya gari imeumia kwa ajali, hiyo wataitengeneza. Nguzo hii haikuvunjwa na ajali, imekatwa na mtu. Kilichokatwa na mtu si ajali, na bima hailipi.

Kesho yake askari wakaja gerejini wakamchukua Bawaba mbele yetu, vumbi la puti, ile dawa ya kuzibia mabonde ya bati, bado liko kwenye nyusi. Muuza Vitanda alikuwa amemshtaki: kosa lake ni kuharibu mali ya mtu. Akalala rumande. Mimi nilikwenda na chakula, nikakirudisha nyumbani, hawakuniruhusu nimwone. Nilitukana njia nzima mpaka koo likanikauka.

Wakamwachia kwa sharti kwamba tuyamalize wenyewe. Kikao kikakaa uani kwa mjomba, chini ya turubai la rangi: mwenyekiti wa mtaa, Muuza Vitanda na gongo lake, mjomba, Bawaba na mimi. Mimi sikualikwa. Nilikaa tu, na nani wa kunitoa?

"Mimi sisemi kijana ana nia mbaya," Muuza Vitanda akaanza, kwa upole wake wa dukani. "Ila kwani lazima mkate? Mngeuvuta mlango ungefunguka."

"Ungefunguka!" nikaruka. "Wewe ulikuwa unakoroma kama chura, ungejuaje?"

"Mama, tulia," mwenyekiti akasema. "Zamu yako bado."

"Yeye yuko hai ndiyo maana ana zamu!"

Mwenyekiti akanyanyua mkono, mjomba akanitolea macho, nikakaa. Lakini niliona kitu kimoja, na mpaka leo kinanikereketa. Yule mtu hakuwa anasema uongo. Hakumbuki kitu. Kwake yeye alilala garini akaamka hospitali, na katikati pale kuna mtu amemkatia gari. Ukimwambia alikuwa anakufa, anakutazama kama unataka kumwuzia kitanda chake mwenyewe.

Mjomba ndiye aliyemaliza kesi. Nataka mumwelewe mjomba. Magari mengi pale gerejini yaliletwa na watu wa bima, na wakaguzi wale ndio waliokuwa wanaleta. Alikuwa na hofu ya kukosa kazi, basi. Akasema: "Gari litarudi kama lilivyokuwa. Mpwa wangu ataliunga mwenyewe, baada ya saa za kazi. Na kuanzia leo, kwangu mimi, hakuna kukata nguzo ya gari la mtu mpaka mwenyewe aje, au aseme kwa mdomo wake."

Nikamwuliza, "Mjomba, na mwenyewe akiwa ndiye aliyezimia?"

"Basi ndugu yake."

"Na ndugu akiwa mbali?"

"Atangojwa," akasema.

Wakamtaka Bawaba ayarudie maneno yale mbele ya kikao, na yeye akayarudia. "Hakuna kukata mpaka mwenyewe aje." Alikuwa anatazama vidole vyake, anabandua puti kwenye kucha. Mwenyekiti akapiga makofi mawili ya kufunga kikao, na Muuza Vitanda akampa mkono: "Bosi wangu, hatuna ugomvi."

Jioni ile wifi yangu alimtengea chakula, akangoja anawe, ndipo akasema mbele yangu bila kupandisha sauti: "Baba Nanii, ukishikwa tena, mimi na wanao tunakwenda kwetu. Nimekaa pale kituoni na mtoto mgongoni nafukuzwa kama kuku. Sirudii." Ningekuwa mimi, ningesema hivyo hivyo, tena kwa kelele.

Akaanza kuliunga gari la mtu aliyemwokoa. Wenzake wakifunga vifaa vyao wanakwenda, yeye anavuta taa chini ya turubai. Alitafuta gari jingine la aina ile lililokufa, akalitoa nguzo ya kati nzima, akaja kuipandikiza. Nilimwona anaipima kwa kamba, anaitoa, anaipima tena. Angeweza kulipua. Kuna mafundi wanaunga nguzo kwa juu juu, wanajaza puti, wanapiga rangi, na mteja anaondoka anapiga honi. Yeye alirudisha na kile chuma cha ndani, akakichomelea kidogo kidogo kisipate moto mwingi kikalegea. Alipofunga milango, alichukua vipande vya karatasi akavibana kwenye mpira wa mlango, anavuta kimoja kimoja kuona kama kuna palipolegea. Nikamwambia, "Wewe nawe! Mbona unamtengenezea kama la harusi?" Akasema, "Dada, kuna mtu atakaa humo."

Mimi nilishona kitambaa cha paa na vya milango. Nilishona nimeuma meno. Na Muuza Vitanda akawa anakuja kukagua, sasa gongo limekuwa la maringo tu. Anafungua mlango, anaufunga, anategesha sikio. "Zamani haukuwa unalia hivi." Anaufungua, anaufunga. "Sijui, labda ni mimi." Siku ya mwisho akainamia kiti, akaweka kidole kwenye doa lililoganda kwenye mshono. "Na hili nalo litolewe."

"Hilo ni damu yako," nikamwambia.

"Litolewe tu, bosi wangu."

Nikakibadilisha kiti. Nilimtemea mate kwenye sponji kabla sijaivika. Mtanisamehe au msinisamehe, shauri yenu.

Baada ya hapo ajali ziliendelea, kona haikuwa na habari na kikao chetu. Kishindo kikilia, Bawaba anatoka bado, ila si kwa mbio. Anatembea. Anafika, na kabla hajasema pole, anauliza, "Mwenye gari nani?" Na bahati ikawa upande wa mjomba. Mara dereva mwenyewe yuko macho anapiga yowe, "Kata, kata, ndugu yangu!" Mara mwenye gari amekaa kiti cha pembeni hana hata mchubuko. Anapewa ruhusa, anakata, mtu anatoka. Mjomba akawa anatamba kwa wakaguzi: "Unaona? Utaratibu." Na mimi nikaona mdogo wangu anabadilika hivi hivi. Zamani macho yake yakifika kwenye ajali yalikuwa yanakwenda kwa mtu. Sasa yanazunguka kwanza, yanatafuta nani atakayemshtaki.

Ndipo akaja yule binti.

Ilikuwa mchana mweupe, nina kiti cha basi mbele yangu. Kishindo kikalia, halafu kimya, halafu watu. Lori la mchanga lilikuwa linatoka barabara ya pembeni. Gari dogo jeupe, la mtu anayelitunza, likaja likapigwa ubavuni upande wa dereva. Tulipofika, lori limesimama, dereva wake amekaa chini ameshika kichwa. Ndani ya lile jeupe, msichana, labda ndiyo kwanza amemaliza shule. Yuko macho. Anaongea. Nywele zimejaa vioo.

Bawaba akaingiza kichwa dirishani. "Pole, mwanangu. Unasikia miguu?"

"Mmoja nausikia."

"Gari la nani?"

Jamani. Alimwuliza hivyo, kwa sauti ya upole, na yule mtoto akaanza kulia hapo hapo. "La baba. Fundi, msilikate. Nimelichukua bila kumwambia. Ataniua. Nivuteni tu, msilikate."

Bawaba akapiga magoti akachungulia chini. Kizingiti kilikuwa kimepanda, nguzo ya kati imejikunja ndani, imemlalia pajani. Akanivuta pembeni. "Dada, anavuja damu kwa chini. Si kwa wingi, lakini haiachi."

"Basi kata!"

"Mwenyewe hajasema."

Binti alikuwa anaijua namba ya baba yake kwa kichwa. Nikapiga, nikaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Nikamweleza baba mtu: ajali, hapa mahali fulani, binti yako amebanwa, fundi yuko tayari kukata gari amtoe. Halafu akasema, "Nipe niongee naye."

Nikamsogezea simu. "Baba," yule mtoto akasema, na sauti akaikaza, akaifanya nzima kabisa, nadhani kwa hofu ya kugombwa. "Sijambo, baba. Nisamehe. Nimebanwa mguu tu."

Nikairudisha simu sikioni kwangu. "Mzee, si mguu tu, mtoto anavuja damu."

"Nimemsikia mwenyewe, anaongea vizuri," baba akasema. "Nyie mafundi nawajua. Gari langu lisikatwe na mtu. Nakuja sasa hivi, nipo njiani."

Watu wote waliokuwepo walisikia. Mjomba naye alikuwa ameshafika, kitambaa cha mikono begani, na yeye alisikia. "Umesikia mwenyewe alivyosema," akamwambia Bawaba. "Tulia. Anakuja."

Basi tukangoja. Mimi sijapata kungoja vile maishani mwangu, hata leba. Bawaba aliniomba chaki yangu ya kushonea, akachora mstari kwenye nguzo, juu, na mwingine chini, pale hasa atakapokata. Akafungua mlango wa nyuma. Akamkata mkanda, maana mkanda si gari. Akamfunika turubai. Akaweka meno ya msumeno juu ya mstari wa chaki, akabaki ameushika hivyo, havuti. Jasho linamtoka puani, linadondokea mkono. Na anamwongelesha: unasoma nini, mnakaa wapi, mko wangapi. Binti anajibu. Baada ya muda majibu yakawa mafupi.

Nikapiga tena. Honi zinapigwa huko baba aliko, nazisikia. Foleni! Foleni ya ajali ile ile ilikuwa imepanda mpaka juu ya mteremko, na yeye yuko mkiani mwake. "Mzee," nikapiga yowe, "sema neno moja tu! Sema kata!"

"Nimeshasema nakuja!" Simu ikakatika, na nilipopiga tena haikupokelewa.

"Kata," nikamwambia mdogo wangu. "Nakuambia mimi, dada yako. Kata!"

"Wewe si mwenye gari, dada." Hakunitazama. Midomo yake ilikuwa imepauka kuliko ya yule mtoto. Niliujua uso ule. Ni ule ule aliopanda nao gari la polisi siku ile wanamchukua. Nikaunyakua msumeno mwenyewe. Niliuvuta mara chache pale kwenye chaki, bati likalia, na mjomba akanikamata mkono.

"Unataka kunifungisha? Umemsikia baba mtu kwa masikio yako!"

"Niachie! Niachie, mjomba, laana hii usiitafute!"

Tunavutana hivyo, wanaume wazima wanatutazama, hakuna anayesogea, kila mmoja ana simu yake mkononi anapiga picha. Na katika kelele zile binti akasema, kwa sauti ndogo, wala si kwa kulalamika, "Fundi, nasikia usingizi."

Bawaba aliwahi kuyasikia maneno yale kabla, kwenye magari mengine. Alimsukuma mjomba akaanguka chali kwenye vioo, akaninyang'anya msumeno, akakata. Alikata akilia kwa sauti, mwanaume mzima na mvi zake, kamasi zinamtoka. Juu, halafu chini, halafu jeki. Nguzo ikaachia, ubavu mzima ukafunguka. Haikuchukua muda. Hilo ndilo linaloniua mimi mpaka leo, haikuchukua muda hata kidogo. Nilikuwa bado natandika sponji chini na yeye keshamtoa, amembeba mikononi.

Tulimlaza. Nikambana paja kwa kitambaa cha viti, nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikamwita "mwanangu, mwanangu," kama nimemzaa mimi. Aliitika mara moja. Halafu hakuitika.

Baba yake alikuja kwa miguu. Aliacha gari alilopanda kule juu kwenye foleni, akakimbia mteremko wote, kiatu kimoja kimemvuka njiani. Watu wakampisha. Lile gari jeupe lilikuwa mbele yake, limepasuliwa ubavu, milango inaning'inia, na mimi nilikuwa nimejiandaa kumrukia kooni akilitaja. Hakulitazama hata. Alipiga magoti, akamshika mtoto wake usoni, akamwita jina. Akamfuta vioo kwenye nywele, kimoja kimoja.

Kisha akainua macho, akamwona mdogo wangu amekaa kwenye kizingiti cha gari, msumeno umelala mapajani.

"Fundi," akasema. Hakuwa anafoka. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetaka kuelewa. "Msumeno ulikuwa nao. Ulikuwa unangoja nini?"

Bawaba akamjibu, "Nilikuwa nakungoja wewe, mzee."